Nimeambiwa bakteria kwenye fizi wanaua seli zangu nyeupe, je kinga yangu inaisha?

SWALI

Habari dokta, pole na majukumu. Mi ni msichana wa miaka 19, naomba jina langu lisitokee. Shida yangu ni meno ila imefika mahali inaninyima usingizi ndo maana nimeamua kuandika.

Ilianza na meno mawili ya mbele juu, zamani yalikuwa yamebanana kabisa, alafu taratibu yakaanza kuachana mpaka pakawa na uwazi, na moja nikilisukuma kwa ulimi linacheza. Haliumi. Fizi hazijavimba kivile, damu inatoka mara mojamoja tu, na napiga mswaki asubuhi na usiku bila kukosa, sasa nikawa najiuliza jino linachezaje kwa mtu wa umri wangu wakati hata bibi yangu meno yake yamesimama imara.

Nikaenda kwa daktari wa meno. Akachukua kile kichuma chembamba chenye alama akawa anakiingiza kati ya jino na ufizi huku anataja namba na msaidizi anaandika, mbili, tatu, mbili, mbili, alafu alipofika kwenye gego la chini akasema saba. Akarudia tena kupima, saba. Kwenye meno ya mbele sita. Nikapigwa eksirei akanionyesha mfupa umeliwa pembeni ya hayo meno, mengine yote mfupa uko vizuri. Akasema inawezekana nina aina ya bakteria wanaotoa sumu inayoua seli nyeupe za damu, ndo maana mfupa unaisha haraka hivyo, akaniandikia tarehe ya kuja kusafishwa ndani ya fizi na akasema siku hiyo ataamua kama nitapewa na dawa. Wagonjwa walikuwa wengi nje nikaona aibu kuuliza zaidi.

Nilivyofika nyumbani ndo akili ikaanza kufanya kazi. Seli nyeupe si ndo kinga ya mwili? Kama zinauawa si ina maana kinga yangu inaisha? Nikaenda kupima damu kamili, seli nyeupe ziko sawa kabisa. Nikapima na virusi vya UKIMWI, sina. Sasa ndo nimechanganyikiwa zaidi maana kama zinauawa mbona kwenye damu zimejaa?

Mama anasema ni uvivu wa kupiga mswaki na sipendi kubishana nae ila inaniuma. Nina mdogo wangu wa kike ana miaka 13, tumeshawahi kutumia mswaki mmoja, na nina mchumba, naogopa hata kumsogelea. Na je, siwezi kununua antibayotiki nikameza tu nikaachana na huko kusafishwa? Naogopa maumivu. Alafu hili jino litarudi kukaa vizuri au ndo basi tena?

Mwenye wasiwasi

JIBU

Mdogo wangu, pole sana, na nianze na lile linalokunyima usingizi: kinga yako haiishi. Majibu ya damu yako na maneno ya daktari wako yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, hayapingani, na nikikueleza hizo seli zinafia wapi utaona mwenyewe kwanini.

Bakteria anayesemwa hapa jina lake ni refu, Aggregatibacter actinomycetemcomitans, wataalamu wengi wanamfupisha A.a. nasi tufanye hivyo hivyo. Anajulikana tangu 1912, lakini ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ndo watafiti wakaonyesha kwamba anatengeneza sumu inayoua seli nyeupe za binadamu, wakaiita leukotoksini. Sumu hii ina uchaguzi wa ajabu. Haidhuru kila seli inayokutana nayo, inatafuta protini fulani iliyo juu ya ngozi ya seli nyeupe, ile ambayo seli hizo zinaitumia kushikilia kuta za mishipa ya damu ili zipenye kwenda kwenye jeraha. Yaani kile kishikio cha kufanyia kazi ndo sumu inakigeuza mlango. Ikishakamata pale inaharibu utando wa nje wa seli, utando unavuja, seli inavimba na kupasuka.

Sasa hilo linatokea wapi? Ndani ya kile kijimfuko ambacho daktari alikipima saba. Hizo namba ni milimita. Kwenye mdomo wenye afya kichuma kinaingia milimita 1 mpaka 3 tu kinagota, saba maana yake ufizi umeachia mzizi wa jino na kumebaki shimo jembamba refu ambalo mswaki wako haulifikii hata upige saa nzima. Humo ndimo bakteria wamejichimbia, humo ndimo seli nyeupe zinamiminika usiku na mchana kupambana nao, na humo ndimo zinafia. Uboho wa mtu mzima unatengeneza seli nyeupe za aina ya nyutrofili, ambazo ndo askari wa kwanza kufika kwenye fizi, takriban bilioni 100 kwa siku. Zinazokufa kwenye mifuko michache pembeni ya meno yako ni sehemu ndogo mno ya hizo, kipimo cha damu ya mkono hakiwezi kuonyesha upungufu wowote. Kwahiyo damu yako ni salama, vita iko kwenye hayo meno machache.

Ila naomba usiishie hapo ukasema kumbe si kitu, maana hizo seli zinavyokufa ndo balaa lenyewe lilipo. Nyutrofili imebeba tumboni mwake vimeng'enya vikali vya kuyeyushia bakteria, ikipasuka ovyo vinamwagika nje na kuanza kukata kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia jino kwenye mfupa. Alafu kuna seli nyeupe nyingine kubwa zaidi, makrofaji, hizo zikiguswa na sumu hii kabla hazijafa zinatoa kwa wingi kemikali ya uvimbe inayoitwa intaleukini-1 beta, na hiyo kemikali ndo inayoziamsha seli za kula mfupa. Unaona mambo yanavyokwenda? Bakteria hali mfupa wako, anawaua walinzi, na wanapokufa vibaya mwili wenyewe ndo unaukata mfupa kuukimbia uchafu. Ndo maana mfupa unapotea huku hausikii maumivu yoyote, na ndo maana unaweza kukuta mtu mdomo unaonekana msafi kabisa, fizi za pinki, kumbe chini kumeshaharibika.

Na hapo nimemjibu mama yako pia, kwa heshima zote. Ugonjwa huu wa fizi kwa vijana, unaoshambulia magego ya kwanza na meno ya mbele na kuacha mengine, mara nyingi unawakuta watu wenye ugaga kidogo tu, kiasi ambacho hakilingani kabisa na mfupa uliopotea. Hilo limeandikwa kwenye vitabu vya meno miaka mingi. Maelezo ambayo wataalamu wengi wanayatoa kuhusu kwanini meno hayo ni kwamba ndo ya kwanza kuota kwenye meno ya ukubwani, kuanzia kama miaka 6, bakteria wanayavamia mapema kabla mwili haujajifunza kutengeneza kinga dhidi yao, na yakija kuota mengine mwili unakuwa umeshajipanga. Mwambie mama kwa upole, au bora zaidi nenda nae siku ya miadi daktari amuonyeshe eksirei. Mi kwa kweli nachoka kuona vijana wanaficha midomo kwa aibu ya kuitwa wachafu, matokeo yake wanakuja hospitali jino limeshaanza kutoka lenyewe.

Kitu kingine, A.a. hawafanani. Wako watu wengi tu wanae mdomoni na hawaumwi, maana aina nyingi za huyu bakteria zinatoa sumu kidogo. Lakini kuna ukoo mmoja unaoitwa JP2, huo una kipande cha vinasaba kilichopotea, herufi 530, kwenye sehemu inayodhibiti utengenezaji wa sumu, na kikishapotea sumu inatoka nyingi mno. Ukoo huo unapatikana zaidi kwa watu wa Afrika Kaskazini na Magharibi na wenye asili ya huko. Kule Morocco watafiti waliwafuatilia vijana wa shule waliokuwa na fizi nzima, matokeo yakachapishwa 2008, na waliokuwa na JP2 peke yake uwezekano wao wa kuanza kupoteza mshikamano wa meno ulikuwa kama mara 18 ukilinganisha na wasio na A.a. kabisa. Sikwambii hivyo ili useme na wewe una JP2, hilo bila kipimo cha maabara hakuna anayelijua na kwa kawaida kipimo hicho hata hakihitajiki ili kuanza tiba. Nakwambia ili uelewe kwanini watu wawili wanapiga mswaki sawasawa na mmoja meno yanacheza. Na A.a. pia hayuko peke yake mle ndani, anaishi na jamii nzima ya bakteria wengine, wengine wana mbinu zao za kukata antibodi, yaani zile protini za kinga zinazowanasa wadudu, na kuipoteza kinga njia, kwahiyo usimfikirie kama adui mmoja ambaye akiondoka kila kitu kinakwisha.

Sasa tuje kwenye wazo la kumeza antibayotiki na kukwepa kiti. Hapana mdogo wangu, na kwenye hili naomba unisikilize sana. Bakteria hawa hawaelei mmojammoja, wamejenga utando unaonata kwenye mzizi, kama ule utelezi unaoota ndani ya tanki la maji, unamimina dawa juu yake na ndani hawaguswi. Lazima utando uvunjwe kwa mkono kwanza. Baada ya hapo, kwa ugonjwa kama wako, madaktari wengi wanaongeza amoksisilini pamoja na metronidazoli, zikiwa pamoja zinafanya kazi nzuri dhidi ya A.a. kuliko mojamoja, na hiyo metronidazoli ambayo watu wanapenda kujinunulia wakiumwa jino, ikiwa peke yake haimwezi vizuri. Ukijinunulia dozi nusu unapata hasara mbili, ugonjwa unabaki na bakteria wanazoea dawa. Daktari wako kusema ataamua siku hiyo ni dalili ya mtu makini. Mwambie kama penisilini inakudhuru, mwambie dawa zote unazotumia, mwambie kama kuna uwezekano una mimba, na ukipewa metronidazoli kaa mbali na pombe.

Kuhusu maumivu: unachomwa ganzi. Utasikia mtetemo na maji na kukwaruza, lakini kuumwa hasa hapana, na ukisikia unyoshe mkono aongeze ganzi, usijikaze. Mara nyingi hawamalizi mdomo wote siku moja. Siku chache baadae fizi zinauma kidogo, maji ya baridi yanaweza kukuchoma kwenye meno, na kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi alafu wanashtuka: uvimbe ukiisha ufizi unashuka, meno yanaonekana marefu kidogo na uwazi katikati unaweza kuonekana mkubwa kuliko mwanzo. Usikimbilie kusema umeharibiwa. Ndivyo ufizi unavyokaa ukishapona.

Nyumbani endelea na mswaki mara mbili, wenye nywele laini, ila ongeza vile vibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno au uzi wa meno, mwambie daktari akupimie saizi ya kibrashi kwa kila uwazi maana kikiwa chembamba sana hakisafishi na kikiwa kinene unajiumiza. Kama unavuta sigara acha kabisa, sigara inadhoofisha hizohizo nyutrofili na inaficha damu kutoka kwa hiyo utadhani umepona. Na omba upimwe sukari kama hujapimwa, kisukari kinauchochea ugonjwa wa fizi na kwa kijana mwenye mfupa unaoisha haraka ni kitu cha kuangalia mapema. Kipimo cha UKIMWI umeshafanya, vizuri, ila ujue tu kwamba ugonjwa huu wa fizi sio alama yake, wengi wanaoupata hawana tatizo lolote jingine mwilini.

Yapo kweli magonjwa adimu ambapo seli nyeupe zenyewe zina kasoro tangu kuzaliwa, kuna moja ambalo mtoto anazaliwa seli zake zikikosa hichohicho kishikio nilichokutajia hapo juu, kwenye damu zinakuwa nyingi tu lakini hazifiki kwenye fizi, na meno yanaanza kucheza akiwa bado mdogo sana, tena anaumwa maambukizi kila mara. Wewe umefika miaka 19 bila historia hiyo na damu yako iko sawa, usijibebeshe mzigo huo.

Mchumba wako: A.a. anasafiri kwa mate, hilo ni kweli, ila kumbusu mtu hakumaanishi umempa ugonjwa wa fizi. Mtu mzima mwenye jamii yake ya bakteria iliyokwisha kukaa mdomoni hapokei wageni kirahisi, na hata akiwapokea mwili wake una maneno yake. Usimkimbie. Mweleze ulivyonieleza mimi, na yeye aende akaangaliwe meno kama mtu yeyote anavyopaswa.

Mdogo wako ndiye anayenipa haraka. Bakteria hawa wanarithishana ndani ya familia moja, wazazi na watoto, ndugu kwa ndugu, na uwezekano wa mwili kushambuliwa nao unarithiwa pia, na miaka 13 ndo umri ambao ugonjwa huu unaanza kimyakimya. Usisubiri alalamike, hatalalamika, wewe mwenyewe hukuumwa. Usimwangalie fizi kwa macho ukasema ziko safi. Mpeleke, na ukifika sema waziwazi kwamba dada yake ana ugonjwa wa fizi unaokula mfupa kwenye magego ya kwanza na meno ya mbele, unaomba apimwe mifuko kwenye meno hayo na apigwe eksirei ndogo za pembeni, maana akiingia tu bila maelezo watamwona msichana mwenye meno mazuri watamrudisha. Kila mtu na mswaki wake kuanzia leo. Ikigundulika mapema, wakati mfuko una milimita 4 badala ya 7, anaweza kubaki na mfupa wake karibu wote.

Mwisho umeuliza jino litarudi au ndo basi. Mfupa uliokwisha kuondoka haurudi wenyewe, hilo nisikudanganye, lakini kusimamisha pale ulipo inawezekana na kwa vijana mara nyingi inafanikiwa vizuri wasipokosa miadi. Jino linalocheza kidogo huwa linakaza fizi zikipona. Shimo la mfupa likiwa jembamba na la wima kama yanavyokuwa mengi ya aina yako, hasa hilo la gego, kuna upasuaji mdogo wa kuotesha mfupa ambao daktari bingwa wa fizi anaweza kuufanya, ila hauamuliwi leo, kwanza usafishwe, alafu baada ya kama miezi mitatu upimwe tena mifuko yote ndo ijulikane iliyobaki mirefu. Uwazi wa mbele unaweza kufungwa kwa waya baadae, na narudia baadae, kwa sababu ukivuta jino wakati ugonjwa bado unawaka unaumaliza mfupa kwa kasi. Akitokea mtu wa kukufunga waya kabla fizi hazijatulia, kataa.

Baada ya hapo utakuwa unaenda kuangaliwa kila miezi mitatu kwa muda, siku zikienda daktari ataona kama inaweza kusogezwa. Kila ukienda omba usomewe namba zako na uziandike mwenyewe kwenye simu, lile gego la saba na meno ya mbele ya sita, ujue zinashuka au la. Na wagonjwa wakijaa nje usione aibu, uliza, hiyo zamu ni yako. Ukishapimwa tena niandikie, na uniambie na za mdogo wako.